Njia Kumi na Sita za Casimir

Namba ilibadilika yenyewe. Ilikuwa tatu, nyekundu, kwenye kisanduku cha sauti kando ya ampli. Mara ikawa kumi na mbili, na gitaa la Anaclet, lililokuwa likiimba kwa upole, likaanza kulia kama mtu aliyetumbukia kisimani.

"Anaclet, unakanyaga nini?" aliuliza Virginie, kiongozi wa kwaya.

"Shiyakanyaga kitu, mama. Angalia miguu yangu."

Miguu yote miwili ilikuwa mbali na pedali. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, kanisani mtaa wa Katuba, na jua lilikuwa likiwaka hadi madhabahuni.

Mitambo ile ilikuwa ya Casimir, marehemu mume wa Virginie. Alifunga waya mmoja wa MIDI kutoka kwenye pedali hadi kwenye kisanduku. Ukikanyaga mara moja, sauti zote zinageuka pamoja. Waya huo haupitishi muziki, unapitisha namba tu. Kumi na mbili ilikuwa sauti aliyoitengeneza kwa nyimbo za msiba. Kisanduku kina njia kumi na sita za kusikilizia, na Casimir alikiachia moja tu wazi, kisipokee amri ya mwingine. Hakumwambia mtu ni ipi.

Kisha ukaja mwaka ule wenyeji walipowafukuza Wakasai warudi kwao, na Casimir alikuwa Mkasai. Walimtoa nyumbani akiwa na kandambili miguuni. Katika wiki ya tano ya kungoja treni, pale stesheni, kuhara kulimmaliza. Virginie, mwenyeji, mzaliwa wa Kasenga, aliachwa, akaambiwa amshukuru Mungu. Alisali kila siku. Kwa hilo hakushukuru.

Anaclet alipochukua nafasi ya Casimir, aliitafuta ile njia akaikosa. Akazifungua zote kumi na sita, kisanduku kikawa kinapokea amri kutoka popote.

Jumapili, kesho yake ya Jumamosi ile, katikati ya ibada, kumi na mbili ilirudi. Safari hii ilikuja na harufu: chokaa, moshi wa kuni mbichi, nguo zilizolowa. Virginie aliitambua. Ndiyo harufu aliyoipenya kila siku akimpelekea mumewe bukari, ugali wake, pale stesheni.

Pasta Ngosa alimsogelea, akanong'ona. "Mama, iko jini ya bwana yako mule. Weye njo bibi yake. Umuambie aende."

"Aende wapi, Pasta?"

Pasta aliweka mkono juu ya kisanduku, akafumba macho. "Toka! Rudia kwenu!"

Waumini wakadakia: "Rudia kwenu! Rudia kwenu!"

Virginie aliyajua: yalikuwa maneno yaleyale, kutoka vinywa vilevile vilivyoyaimba mbele ya mlango wake siku walipomtoa Casimir, na kadiri walivyopaza sauti ndivyo namba zilivyokimbia kwenye kisanduku, na spika ikaanza kutoa vishindo vya miguu mingi, kisha kikohozi, kisha mtoto akiomba maji, akiomba tena, akiomba bila kujibiwa, mpaka kanisa zima likanyamaza na yule mtoto akabaki akiomba peke yake.

"Mulimufukuza mara moja," Virginie alisema polepole. "Sasa munamufukuza tena, mu nyumba ya Mungu? Anaclet! Nani alibaonyesha mulango wetu?"

Anaclet aliung'oa waya. Sauti haikukatika.

"Haiko miye," alikana.

Hapo spika ikanyamaza. Lakini neno lilirudi, *haiko miye*, *haiko miye*, kila mara mbali zaidi, likitoka kifuani mwa Anaclet huku midomo yake imefungwa. Kisha kikatoka kikohozi ambacho hakikuwa chake.

Alijishika koo. "Mama, unisaidie."

*Unisaidie*, kifua kikaitika. *Unisaidie.*

Virginie alichukua Biblia yake, akamwelekezea Anaclet, akamgeukia Pasta.

"Endelea kuomba, Pasta. Na huyu mumuambie arudie kwao."

Lakini kwao kulikuwa hapohapo Katuba. Anaclet alizaliwa nyumba ya pili kutoka kanisani.