Gunia Lililochambuliwa

Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi. Asubuhi hiyo mbingu zilijikunja kama uso wa mtu aliyenuna, manyunyu yakaja na kukatika, na soko lote la nafaka likanuka magunia yaliyolowa. Muuza maharage mmoja, ambaye soko zima lilimwita Debe kwa tabia yake ya kujaza kipimo hadi kifurike, alikuwa anafunika mali yake kwa turubai. Mbele yake mwanamke akateleza. Debe akamdaka mkono.

Mwanamke alikuwa amevaa gauni la bluu iliyokolea na kilemba cha manjano, na miguuni mabuti ya mpira yenye matope.

"Pole, dada. Unatoka shamba au unakwenda?"

"Nimetoka na narudi. Una maharage yaliyochanganyika?"

"Kwangu ni safi tu. Rangi moja, ukubwa mmoja."

"Basi huna ninachotaka."

"Dada, sokoni kila mtu anatafuta safi, wewe peke yako unatafuta machafu?"

Mwanamke akacheka, ingawa cheko lilimkatikia njiani. "Wewe wanakuitaje?"

"Debe."

"Tupu au limejaa? Maana tupu ndilo linalovuma."

"Limejaa. Njoo kesho upime."

Akaja kesho yake, na siku iliyofuata. Alikuwa mtafiti katika kituo cha mbegu nje kidogo ya mji. Kazi yake ilikuwa kukusanya aina za maharage, kuchanganya chavua zake ua kwa ua kwa mkono, kisha kuzinyima maji aone ipi inavumilia. Debe alimwita Mtafiti, na jioni walipigiana simu.

"Umekula, laazizi?"

"Bado, nawatesa watoto wangu kwa kiu."

"Maskini watoto. Wakifika kwangu nitawapa maji."

"Ukiwapa maji umeniharibia kazi, Debe wangu."

Debe alicheka, lakini akikata simu alijiona mdogo. Yeye shule aliiacha njiani. Alimwomba Mungu amwonyeshe jambo moja tu analoweza kumfanyia mwanamke huyu, asije akamchoka.

Jambo likaja lenyewe. Paa la ghala la kituo lilikuwa linabadilishwa, na Mtafiti alikuwa na safari ya kukagua mashamba. Akamletea Debe gunia dogo la maharage. "Nitunzie. Kwako hata panya hapiti."

Akaondoka mbio kuwahi gari.

Debe alilifungua. Ndani kulikuwa na mekundu, meusi, yenye michirizi, na mengine madogo ya kijivu yaliyosinyaa kama masikio ya mzee. Kwa mfanyabiashara wa nafaka, gunia la namna hiyo ni aibu. Akamwita shangazi yake, wakakaa mkekani kutwa wakichambua. Mekundu yakabaki guniani, mengine yote akampa Mama Kuku, mfugaji wa uchochoro wa jirani.

Mtafiti aliporudi, Debe alimwambia afumbe macho. Alipoyafumbua, akatumbukiza mkono guniani hadi kiwiko, akautoa, akautumbukiza tena.

"Ya kijivu yako wapi?"

"Yale madogo? Nimeyatoa, na meusi, na ya michirizi. Nimekusafishia, mpenzi."

"Umenisafishia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mvua ikinyesha vizuri, mekundu ndiyo yanazaa. Jua likiwaka, ya kijivu ndiyo yanalisha nyumba. Ndiyo maana bibi mmoja mkulima aliyapanda yote pamoja maisha yake yote. Amenipa aliyobakiza na ameacha kulima. Nilikuwa sijaweka hata kikombe kwenye chumba cha baridi cha akiba ya mbegu."

"Sikujua..."

"Ulinicheka tangu siku ya kwanza, kwamba natafuta machafu. Sasa umemalizia."

Akaondoka na kuliacha gunia. Debe alipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikakatwa.

Akakimbilia kwa Mama Kuku. Akiwa bado nje ya ukuta alisikia mfuniko ukigongagonga juu ya sufuria inayochemka, akaingia mbio.

"Maharage niliyokupa yako wapi?"

"Kuku hawapewi mabichi, yanawadhuru. Mengine nilichemsha jana wakala. Haya nimeyaloweka tangu alfajiri, ndiyo nayatia sasa."

"Usiyatie, mama. Nakuomba."

"Una nini leo?"

Ndani ya ndoo punje zilikuwa zimevimba, za kijivu chache katikati ya nyeusi. Debe akarudi mbio kwa shangazi, akaazima simu yake.

"Shikamoo, shangazi," alijibu Mtafiti.

"Ni mimi. Usikate. Yamebaki kidogo, ila yamelowekwa."

Debe aliibana simu sikioni.

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

"Yakifika kesho yataoza. Mwaga maji, yafunike kwa kitambaa kibichi, uje sasa hivi."

Walikwenda kituoni kwa teksi, shangazi mbele, Mama Kuku nyuma akiipakata ndoo yake kama mtoto. Njiani midomo ya Debe ilisema neno moja: Ee Mungu, nimetupa nisichokijua, nirudishie.

Kwenye banda la kioo la miche kulikuwa na joto la kukaba koo. Mtafiti hakumsalimu, alimpa tu kijiti cha kutobolea udongo. Walipanda wote, punje moja kila kikopo, hadi mlinzi wa geti akakunja mikono ya shati akasaidia. Walipomaliza, vikopo vilikaa mbele yao, udongo mtupu.

"Yataota?" Debe aliuliza.

"Sijui." Mtafiti alijifuta jasho, udongo ukambaki shavuni. "Lakini mimi nilimwachia muuza nafaka gunia bila neno. Nilikosa pia. Na nilikusingizia dharau."

"Nilitaka kukuletea pete mwezi huu. Sasa nangoja. Yakiota, nitakuwa na uso wa kukuuliza."

"Yasipoota?"

Debe akasogeza kikopo kimoja kikae sawa na vingine.

"Mimi kila msimu napanda nikijua mengine yatakufa," alisema Mtafiti. "Siwezi kuolewa na mtu anayengoja kikopo kimpe ruhusa. Kama una neno, liseme kabla hatujajua."

"Sema, mwanangu," shangazi alisema. "Mgongo wangu umeumia kwa ajili ya haya maharage mara mbili."

Mlinzi akavua kofia. Mama Kuku akaweka ndoo chini.

Debe aliomba kimoyomoyo, akainua macho.

"Mbele za Mungu, mbele ya shangazi yangu, Mama Kuku na ndugu mlinzi: yaote yasiote, nataka kukuoa. Na chako chochote nisichokijua, naahidi, nitakuuliza kabla sijakigusa."