Safu ya Mlinzi

Chumba cha nyuma cha duka la kushonea kilikuwa na taa moja, meza moja na watu wanne. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Kaka alibonyeza kidole mezani.

"Kesho saa tano na nusu asubuhi. Gari linatoka ghalani na simu mpya. Linapita barabara ya machimbo. Kwenye kona lori letu limeziba njia. Mlinzi aliyemo garini anafungua mlango mwenyewe. Tunapakua, tunaondoka. Kelele hakuna."

"Na asipofungua?" Msumari aliuliza. Walimwita Msumari kwa sababu alikuwa mwembamba, mgumu, na hakuwahi kutoka mahali bila kupasua kitu.

"Zamu ni ya Mrefu. Mrefu ni mtu wetu."

"Mimi nauliza asipofungua." Akapapasa kiuno. Wote walijua kilichokaa pale.

"Wewe nawe!" Dereva alicheka. "Hata harusini ungeuliza bwana harusi akifa nani atakula wali."

Kaka hakucheka. Alimgeukia mdogo wake wa kike.

"Waonyeshe."

Mdogo wake alikuwa karani wa ghala lile, na hata hapa walimwita Karani. Akafungua kompyuta yake ya mapajani. Kampuni iliweka faili la safari zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile ambayo watu huiita wingu. Karani alikuwa ameliunganisha faili hilo na jedwali lake la mtandaoni. Kila robo saa jedwali lilivuta habari mpya lenyewe: gari, njia, saa ya kutoka, jina la mlinzi. Likibadilika neno ghalani, linabadilika kwenye simu zao.

"Kupigiana simu marufuku," alisema. "Ukiwa na neno, liandike pembeni ya jedwali. Sote tutaliona."

"Na sharti lako?" Kaka aliuliza taratibu.

Karani aligusa safu ya mwisho, safu ya mlinzi.

"Hapa likitokea jina la Babu wa Kiti, hatuendi. Yule mzee hafungui mlango. Ukimwekea bastola kifuani hafungui."

Karani alipoanza kazi ghalani hapakuwa na kiti cha kukalia. Mzee wa getini alimletea cha kwake, akasimama wiki nzima kwa miguu iliyovimba. Alipoulizwa, alisema, "Mimi nikikaa nasinzia." Uongo mtupu, lakini uongo wa namna hiyo Mungu huusamehe.

"Naapa kwa kaburi la mama," Kaka alisema.

Karani aliamini. Nani asingeamini? Kaka huyu alibeba magunia sokoni mpaka bega lake moja likashuka, ili mdogo wake asome kompyuta. Ndiyo maana alipoomba naye awe na ruhusa ya kuandika kwenye jedwali, Karani hakumwambia kwamba kusoma tu kunatosha. Mkubwa haambiwi hivyo. Alimfungulia akaunti, akaiita Kaka Mkubwa, akamfundisha kunakili na kubandika. Vidole vinene vile vilihangaika jioni nzima, na wote wawili walicheka mpaka machozi.

*

Saa tano asubuhi.

Karani alikuwa peke yake katika chumba kile. Aliomba ruhusa kazini, kama Kaka alivyomwagiza. Safu ya mlinzi ilisema: Mrefu.

Simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Ni mwenzake wa ofisini. "Umekosa habari! Mke wa Mrefu kajifungua mapacha alfajiri! Jamaa hajaja kazini, analia huko kama yeye ndiye aliyezaa."

Karani alisoma mara mbili. Akatazama jedwali. Mrefu. Akasubiri. Mrefu.

Ndipo alipoona kwamba ile alama ndogo ya muungano, inayokaa pembeni ya safu, haipo. Jedwali lililokatwa na wingu ni kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri. Linakuonyesha majira, tena kwa uso mkavu, na ni majira ya jana.

Akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, mahali ambapo jedwali huhifadhi kila mkono ulioligusa. Asubuhi ile, saa moja na nusu, safu ya mlinzi ilivuta jina jipya. Dakika chache baadaye mtu alinakili habari za jana, akazibandika juu yake, muungano ukakatika. Aliyefanya hivyo: Kaka Mkubwa.

Aliunganisha upya: akachagua faili, akatoa idhini, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Safu ikajaa.

Babu wa Kiti.

Mzee amechukua zamu ya mwenzake, mwenzake akabebe watoto wake. Angefanya nini kingine mtu kama yule?

Karani akaandika pembeni ya jedwali: "Babu yumo. Acheni."

Mstari wa chini ukapepesa. "Najua. Funga kompyuta ukalale."

"Uliapa kwa kaburi la mama."

Halafu: "Mrefu alinipigia asubuhi. Siku kama hii hairudi. Nitamsihi mzee afungue."

"Hatafungua. Msumari hasubiri. Unajua."

Akalirudia faili la safari.

*

Saa sita kasoro robo.

Gari lilikwisha kutoka. Kwenye kifaa kilichofungwa mbele ya usukani, dereva wa kampuni alisoma njia yake kutoka faili lile lile la wingu. Na nywila ya kuandika humo, Karani alikuwa nayo kichwani.

Alikaa sekunde chache mikono juu ya vitufe. Akilini mwake walikuwa watu wawili, na wote wawili waliwahi kusimama ili yeye akae.

Akafuta njia ya machimbo. Akaandika: Rudi ghalani mara moja.

Angeweza kukata muungano tena, wenzake wakakaa pale konani bila habari mpaka polisi wafike. Hakuukata. Alibonyeza jedwali lijisasishe palepale, kaka yake aone.

"Ni wewe?" mstari ukauliza.

"Ni mimi. Gari linarudi. Ondokeni sasa hivi, kaka. Nakuomba."

Kipepesi, kile kijistari kinachoonyesha mtu anaandika, kilisimama. Kikaenda. Vidole vile vinene havikuwa na haraka hata siku hiyo.

"Msumari anataka kulifukuza. Ufunguo wa lori nimeutupa shimoni. Pigia polisi simu, mdogo wangu."

Alipiga. Alitaja barabara, kona, lori, bastola. Hakutaja jina la mtu. Alipoirudia kompyuta, maneno yake mwenyewe yalikuwa yanafutika. "Babu yumo" likaondoka. "Uliapa" likaondoka. Moja moja, taratibu. Kila lililotoka kwake lilikuwa linafutwa na Kaka Mkubwa.

Lilibaki moja. Herufi za mwisho zikaliwa, likabaki "Ni mi". Kipepesi kikapepesa hapo.

Hakikusogea tena.

*

Dereva ndiye aliyesimulia baadaye, pingu mkononi, uso umemvimba kwa kulia. Gari la kampuni liligeuka kabla halijafika konani. Msumari alidai ufunguo. Kaka akaonyesha shimo la machimbo. Msumari akampiga risasi ya tumbo, akakimbia kwa miguu, hakufika hata barabara kuu. Kaka aliegemea gurudumu. Hakuomba maji.

"Alikuwa na simu tu," Dereva alisema. "Anafuta. Namwambia, bosi, acha hiyo, nikufunge jeraha. Ananiambia, subiri, dada yangu yumo humu. Bado moja. Bado moja."

Aliamini kilichofutwa kimefutika. Kumbukumbu ya mabadiliko huhifadhi kila neno, lakini hilo Karani hakuwahi kumfundisha.

Angeweza kunyamaza. Polisi walikuwa na simu ya marehemu, bado hawajajua pa kutazama. Siku waliyomzika kaka yake, alitoka makaburini na udongo kwenye kanga, akaingia kituoni kwa miguu yake, akaiweka kompyuta mezani, akawafungulia kumbukumbu yote.

Wakamtia pingu, wakamwambia asubiri kwenye ujia, askari wa kike pembeni yake. Benchi la ukutani lilikuwa limejaa watu. Mwishoni alikaa mzee mwenye miguu iliyovimba, kofia mapajani, ameitwa kutoa maelezo.

"Mwanangu!" akasema. "Nasikia wewe ndiye uliyetugeuza njiani."

"Babu," Karani alijibu. "Hata ile njia ya kwanza niliwapa mimi. Mpangoni nilikuwemo. Aliyekufa ni kaka yangu."

Mzee alimtazama, akazitazama pingu, akautazama udongo wa kaburi kwenye pindo la kanga. Kisha akashika ukuta kwa mkono mmoja, akajiinua kwa tabu, goti moja kwanza, halafu la pili.

"Kaa," alisema.

"Hapana, Babu. Miguu yako..."

"Kaa, mwanangu. Mimi nikikaa nasinzia."