Kitufe cha Kungoja

Nerima na mumewe Patrobas wanaishi Kariobangi South. Kazi yao ni kukodisha mahema na viti. Mtu akiozesha binti, wanampelekea hema. Mtu akifiwa, wanampelekea hema vilevile. Viti vya plastiki vimepangwa nje ya nyumba yao, kimoja juu ya kingine, mpaka vinakaribia dirisha la jirani.

Namba ya simu ya kazi imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kila hema. Kwa muda mrefu ilikuwa namba ya simu ya mkononi ya Nerima. Wateja walipiga hiyo. Jamaa wa Bungoma walipiga hiyo. Mwalimu wa Sally, binti yao, alipiga hiyo hiyo. Nerima akiwa juu ya ngazi anafunga kamba, simu inalia mfukoni. Akishuka, imenyamaza. Mteja ameshakwenda kwa mwingine.

"Hii simu moja inatuangusha," Nerima alisema asubuhi moja wakinywa chai.

"Tununue ya nyumbani," Patrobas akajibu. "Kuna ile ya laini mbili. Laini moja ya jamaa, nyingine ya kazi. Aliye nyumbani anashika."

"Na wewe utashika? Au utaniita nitoke bafuni?"

"Mama Sally, nitashika. Nikiwa macho."

Walikwenda mjini wakanunua. Ndani ya kasha kulikuwa na simu kubwa ya kukaa mezani na simu mbili ndogo zisizo na waya. Muuzaji alisema, "Weka laini, chomeka, ongea." Hakusema zaidi. Ukishalipa, maswali yako ni kelele.

Watu wa mtaa huu wanakumbuka mambo ya simu. Zamani kulikuwa na kibanda kimoja, na foleni yake ilizunguka kona. Aliyetaka simu nyumbani kwake aliandika ombi. Mkubwa aliomba juzi, akafungiwa waya leo. Mtu mdogo alizeeka akingoja. Siku hizi simu zimejaa madukani na kila mtu anauziwa. Lakini ndani ya kasha la Nerima kulikuwa na kitabu cha maelezo chenye lugha za watu wa mbali. Kiswahili hakikuwemo. Wanaotuuzia wanajua Kiswahili cha kutaja bei. Cha kufundisha hawana.

Nerima na Patrobas waliweka laini, wakachomeka, wakaongea. Simu ilifanya kazi. Walifurahi.

Jumatatu mchana laini ya kazi ililia. Nerima alishika simu ndogo ya sebuleni.

"Haloo, mahema na viti."

"Mama, naitwa Kavata. Niko Umoja." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia sana. "Tumefiwa. Ni kaka yangu. Watu wanakuja jioni kwa matanga na hawana pa kukaa. Nataka mahema mawili na viti."

"Pole sana, mama. Pole kabisa."

Wakati huo laini ya nyumbani nayo ikaanza kulia. Nerima akakumbuka jinsi watu wa ofisini wanavyosema.

"Mama Kavata, hebu nikuweke hold kidogo."

Aliitazama simu. Kweli, palikuwa na kitufe kilichoandikwa HOLD. Shuleni Nerima alifundishwa kwamba neno hilo maana yake ni shika. Basi akashika. Aliikumbatia simu kifuani kwa mikono yote miwili, akaikaza. Kitufe hakukigusa.

Patrobas alikuwa ameshika simu ndogo ya pili chumbani. Akatokea mlangoni, simu ameibana kwapani.

"Ni dada Nafula kutoka Bungoma. Wewe unaongea na nani?"

"Mama mmoja wa Umoja. Wana matanga. Anataka mahema na viti."

"Matanga tena!" Patrobas alisema kwa sauti yake kubwa. "Watu wa matanga hukalia viti kana kwamba vimewakosea. Juzi wamenirudishia viti havina miguu. Mwambie walie wakiwa wamesimama."

Nerima alicheka kidogo. Kisha akairudisha simu sikioni.

"Haloo, mama?"

Kavata akasema polepole, "Tutalia tukiwa tumesimama. Asante." Simu ikakatika.

Kutoka kwapani mwa Patrobas sauti nyembamba ilikuwa ikiita, "Patrobas! Wewe Patrobas!"

Patrobas akaiweka simu sikioni. "Ndiyo, dada."

"Nimekusikia," Nafula alisema. "Siku mama yetu alipokufa, uliketi kwenye kiti cha nani? Ulikileta kutoka Nairobi?" Naye akakata.

Nerima alimpigia Kavata. Hakushika. Alipiga tena. Hakushika. Jioni ilikuwa inakaribia, na huko Umoja watu walikuwa wanaanza kufika nyumba isiyo na kiti.

"Hii simu ni mbovu," Patrobas alisema. "Tuirudishe."

"Simu ndiyo imetukana watu?" Nerima akauliza. Akatoka, akagonga mlango wa jirani.

Jirani yao ni Wacera. Mtaani wanamwita Mama Shiku. Kabla ya kustaafu, alikuwa mpokea simu katika kiwanda cha sabuni Industrial Area. Alikuja akikausha mikono kwa leso, akasikiliza habari yote, na hakucheka.

"Nionyeshe ulivyofanya," alisema.

Nerima akaikumbatia simu kifuani.

"Sasa nimeelewa. Mama Sally, Kiingereza ulichofundishwa si cha uongo. Lakini kwenye simu neno hilo lina kazi nyingine. Maana yake ni ngoja. Ukibonyeza hapa, anayeongea nawe hasikii chochote cha nyumbani kwako. Usipobonyeza, anasikia yote. Hii simu ina masikio makali. Ukiiziba kwa mkono, inasikia. Ukiifunika kwa blanketi, inasikia."

"Hata kwapani?" Patrobas aliuliza.

"Kwapani inasikia na kunusa, Baba Sally."

Wacera aliitazama simu kubwa. Ilikuwa sakafuni nyuma ya kochi. "Tuanze mwanzo," akasema. "Hii kubwa tuiite simu mama. Zile ndogo ni watoto. Mama ndiye mwenye laini. Watoto wanasikia kupitia kwake. Mbona amefichwa huku?"

"Karibu na soketi," Patrobas alisema. "Nikitoka naizima. Tokeni za stima zinaisha haraka."

"Ukizima soketi kutwa, betri yake ya ndani inaisha na mama analala. Mtoto atakuwa na taa, utadhani yuko sawa, lakini hakuna simu itakayoingia. Hii haili stima nyingi. Iache. Na umweke juu, karibu na dirisha, mbali na friji. Kuta za mawe na vyuma vinapunguza nguvu yake."

Waliihamisha mpaka kwenye meza ya dirishani. Wacera akaizima kwanza, akafungua mfuniko wa nyuma. Ndani kulikuwa na nafasi mbili za laini, moja na mbili.

"Ya jamaa ikae nafasi ya kwanza. Ya kazi, ya pili. Msibadilishe tena, mtachanganyikiwa." Akafunga, akawasha. "Sasa kila laini ipewe mlio wake. Chagueni."

Walichagua kengele kwa laini ya kazi, na ngoma kwa laini ya nyumbani.

"Simu ikilia, sikia ni mlio gani. Halafu tazama namba inayowaka na kuzima, moja au mbili. Bonyeza hiyo. Mkitaka kupiga, chagueni laini kwanza, halafu namba. Mkimpigia dada Bungoma kwa laini ya kazi, kesho atawapigia kwa laini ya kazi. Na muda wa maongezi wa kila laini ni wake. Wa huku hauvuki kwenda kule."

"Na zile ndogo?" Nerima aliuliza.

"Zirudi kwenye chaji yake kila mkimaliza kuongea. Zisilale kitandani. Wala msitoke nazo mbali. Hii si simu ya mkononi."

Nerima alimtazama mumewe. Wiki iliyopita Patrobas alikwenda nayo Soko la Burma kununua nyama. Alisimama kati ya mabucha akipiga kelele "Haloo! Haloo!" mpaka muuza nyama akamwomba asiwafukuze wateja.

"Stima ikipotea?" Patrobas aliuliza haraka.

"Ile betri ya mama itashika kidogo, lakini si ya siku nzima. Wekeni simu ya mkononi karibu, imejaa chaji. Msitegemee kitu kimoja." Wacera akachukua simu yake mwenyewe. "Sasa tujaribu. Mimi natoka nje, nawapigia laini ya kazi. Mama Sally, niambie ningoje. Bonyeza, halafu Baba Sally aseme jambo baya kunihusu. Kwa sauti."

Akatoka mpaka langoni. Kengele ikalia. Nerima akabonyeza mbili, akaongea, akamwambia angoje, akabonyeza kitufe. Taa ya namba mbili ikaanza kuwaka na kuzima taratibu.

"Chai ya Mama Shiku haina majani!" Patrobas alipaza sauti. "Ni maji yaliyoona majani kwa mbali!"

Nerima akabonyeza mbili tena. "Mama Shiku, umesikia?"

"Sijasikia neno. Amesema nini?"

"Amekusifu."

Wacera alirudi ndani. Akawaonyesha pia kitufe cha kuitana, ili wasipige kelele nyumba nzima. Mtu wa sebuleni anamweka mteja angoje, anaita simu ya chumbani, kisha anampa mwenzake yule mteja. Kisha akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika NGOJA kwa kalamu ya wino, akakibandika chini ya kitufe.

"Waliotuuzia hawakuandika," alisema. "Tumeandika sisi."

Kabla ya kwenda aliongeza jambo. "Pale kiwandani, mfanyakazi alipigiwa simu kwamba mtoto wake anaumwa. Mimi niliamriwa kusema ngoja. Nikasema. Simu ikangoja mpaka king'ora cha jioni, ili mashine isisimame. Jina lake nalikumbuka. Majina ya walioniamuru nayakumbuka pia. Kwa hiyo kitufe hiki ni cha muda mfupi. Ukiona utachelewa, mwambie mtu utampigia, halafu mpigie. Usimtupe humo."

Nerima alitazama saa ya ukutani. "Na Kavata?"

"Huyo hana kitufe," Wacera alisema. "Huyo anahitaji miguu."

Nerima na Patrobas walipakia viti kwenye mkokoteni wa Makokha, mbeba mizigo wa mtaani, wakaenda Umoja kwa miguu. Nerima aliwauliza wauza mboga njia ya nyumba yenye matanga mpaka wakaipata. Watu walikuwa wamejaa uani. Wazee wawili waliegemea ukuta. Kavata alitoka, mwanamke mrefu aliyejifunga kanga kiunoni. Aliviona viti, akawatazama wao.

"Mimi ndiye niliyesema," Patrobas alisema. "Mke wangu hakusema. Nisamehe, mama. Sikujua unanisikia."

"Kwa hiyo kosa ni kwamba nimesikia?"

Patrobas aliinama, akatazama viatu vyake.

"Hapana," alisema. "Kosa ni kwamba nimesema."

Kavata alichukua kiti kimoja kutoka kwenye mkokoteni, akampelekea mzee mmoja ukutani. Akarudi, akachukua cha pili. Patrobas naye akaanza kushusha. Walishusha mpaka mkokoteni ukawa mtupu. Mahema yaliletwa kwa safari ya pili, yakasimama kabla ya giza.

Siku ya kuondoka na mwili, wingu zito lilipanda asubuhi. Patrobas alikuwa chumbani akiongea na Nafula kwa laini ya nyumbani. Kengele ya laini ya kazi ikalia. Nerima akabonyeza mbili.

"Mama Sally," Kavata alisema, "gari la maiti limezuiwa na matope. Litasimama barabarani, halitafika uani. Na mvua inakuja. Tutafanya nini na mahema?"

"Ngoja kidogo, mama. Nakupa mwenye kujua."

Akabonyeza kitufe. Akamwita Patrobas kwa simu ya chumbani. Patrobas alimwambia dada yake angoje, naye akabonyeza chake. Akapokea laini ya kazi. Nerima alimsikia akisema, "Ndiyo, mama. Ndiyo. Upande wa barabara kuna kituta? Sawa. Usiondoe watu, nakuja nihamishe moja baada ya jingine." Akamrudia Nafula, akamwambia atampigia jioni. Akatoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

Mvua ilinyesha kwa nguvu. Hema moja lilikuwa tayari limefika barabarani, na jeneza lilikuwa chini yake. Watu waliimba nyimbo zote walizokusudia kuimba. Hakuna aliyeondoka.

Jioni Patrobas alimpigia Nafula kwa laini ya nyumbani, akamwambia kwamba kazi ilikwenda vizuri. Wiki iliyofuata, kwa laini ya kazi, alimpigia Kavata kumjulia hali.

"Tunaendelea," Kavata alisema. "Viti vyenu nimevihesabu, nikavifuta. Kimoja kilivunjika mguu. Nilikikalia mimi."

"Hiyo si kitu, mama."

"Na jambo jingine. Siku ya mvua mliponingojesha, sikusikia mtu akiongea. Nilisikia muziki. Ni wimbo mbaya kweli kweli, kama mbuzi anayekwaruza bati."

"Nitauliza kama unaweza kuondolewa."

"Hapana," Kavata alisema. "Uacheni."