Kiapo cha Profesa

Kila alasiri, baada ya masomo, Chiriku na kaka yake walimsaidia mama yao kukamua mashuka. Mama yao alikuwa dobi, na ua wao mdogo ulijaa mabeseni, kamba za kuanikia na harufu ya sabuni. Shuka la kitanda kikubwa likilowa halikamuliki na mtu mmoja. Chiriku alishika ncha moja, kaka yake akashika ya pili, na kila mmoja akasokota upande wake mpaka maji yakatiririka. Mama alikuwa amewazoeza kuulizana kwanza, "Umeshika?" na kujibu, "Nimeshika." Aliyesahau kuuliza aliishia matopeni.

Kaka yake alisoma sekondari. Mtaa mzima ulimwita Profesa, kwa kuwa hakuweza hata kuomba chumvi bila kuchomeka neno la Kiingereza. Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, alimwonea fahari. Mgeni yeyote aliyefika aliambiwa, "Kama ni Kiingereza, muulize huyu."

Siku moja Chiriku alirudi nyumbani mbio. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameandika ubaoni maneno manne mageni: predicament, dilemma, vow na pledge. Mwanafunzi ambaye angeyaeleza vizuri na kuyatungia sentensi ndiye angesoma hotuba ya kuwakaribisha wazazi shuleni. Mwalimu alisema pia kwamba kamusi ingekuwa mezani pake wakati wa mapumziko. Wenzake walipanga foleni kuisoma. Chiriku hakwenda. Kamusi ya nini, naye ana Profesa nyumbani?

"Kaka, nisaidie haya maneno."

Profesa aliyatazama, akakohoa. "Haya ni madogo sana. Lakini mwalimu hafundishi bure. Utanichotea maji yangu wiki nzima."

"Wiki nzima! Kwa maneno manne?"

"Basi kamuulize kuku."

"Haya, nimekubali. Lakini uape kwamba utanifundisha kweli."

Profesa aliinua mkono wa kulia. "Naapa mbele ya beseni hili na mashuka yote yaliyomo. Nikikudanganya, nisiitwe Profesa tena."

Kisha, macho yake yakiwa kwenye kamba ya kuanikia, akamfundisha. Predicament, alisema, ni sherehe kubwa ya watu wenye vyeo. Dilemma ni ugonjwa wa macho. Vow ni lango la jumba la mfalme, na pledge ni sahani pana ya bati. Chiriku aliyakariri huku akibeba ndoo za zamu ya kaka yake, shingo ikimuuma. Mama alipomsikia, alitoa gauni lake la kutokea akalipiga pasi. "Nitakaa mstari wa mbele kabisa," alisema. "Nataka nikuone midomo ikitembea."

Siku ya kujibu ilipofika, Chiriku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alisimama wima akasema kwa sauti, "Jana jirani yetu alitualika kwenye predicament. Tulicheza na kushiba, tukala katika pledge mpya."

Waliosoma kamusi wakaangua kicheko.

"Mwalimu, na sisi tualikwe!" akapaza sauti mmoja wa waliokaa nyuma.

Mwalimu aliwanyamazisha, akamuuliza Chiriku kwa upole, "Nani kakufundisha?"

Chiriku aliketi, akainamia daftari lake. Kicheko kilimchoma, lakini kilichomuumiza zaidi ni ule mkono ulioinuliwa juu ya beseni. Ni yeye aliyeomba kiapo, akapewa, na akakiamini.

Alasiri ile alishika ncha ya shuka kama kawaida.

"Umeshika?" Profesa akauliza.

"Nimeshika."

Profesa alipovuta kwa nguvu, Chiriku akaachia. Kaka mtu akaanguka chali kwenye tope la sabuni.

"Wazimu umekupanda? Mbona umeachia?"

"Wewe ndiye uliyeachia kwanza!" Chiriku akalia. "Ukaapa kabisa! Darasa zima limenicheka!"

Mama alitoka ndani na pasi mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Profesa. "Ni kweli?"

Profesa alitazama matope miguuni pake. "Sikuyajua, mama. Nikiulizwa Kiingereza darasani, hata mimi huinamisha kichwa. Nilipoitwa Profesa, niliona aibu kusema sijui."

"Na wageni wangu wote niliowaleta kwako?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo. Aliingia ndani, akalikunja lile gauni na kulirudisha sandukuni. Watoto wote wawili walimwona dirishani.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda shuleni kwake, Profesa alimfuata Chiriku hadi mlangoni mwa darasa lake, akaomba ruhusa ya kusema.

"Makosa ya jana ni yangu," alisema mbele ya wote. "Sikuyajua maneno yale, nikayatunga. Msimcheke yeye."

"Karibu, Profesa wa sherehe!" mmoja akamtania. Profesa aliipokea kejeli ile, akaaga.

Mwalimu alimruhusu Chiriku ajaribu tena kesho yake. Safari hii alipanga foleni ya kamusi. Aliposimama, alisema taratibu, "Kaka yangu alitoa vow, kiapo asichoweza kukitimiza. Nikaingia katika predicament, hali ngumu ya kujinasua, mbele yenu. Kisha yeye akapata dilemma: aseme kweli apoteze jina lake, au anyamaze abaki nalo. Alisema kweli. Na pledge ni ahadi ya dhati. Hiyo bado sijamdai." Hakuna aliyecheka, na hotuba akapewa yeye.

Alipowapa habari hiyo nyumbani, mama alilitoa tena gauni sandukuni, kisha akawaita wote wawili uani.

"Nilipoanza kusoma ukubwani," alisema, "nilishika kitabu juu chini. Ningejifanya najua, ningekishika hivyo hadi leo. Nilisema sijui, nikafundishwa. Kusema sijui ni aibu ya dakika moja, wanangu. Lakini anayeapa kwa asichokijua amemshikisha mwenzake shuka ambalo yeye hakulishika. Nawe, Chiriku, umeamini jina la mtu, ukaiacha kamusi iliyokuwa wazi mezani. Mwamini kaka yako, lakini soma na wewe."

Profesa aliinua ncha ya shuka kutoka kwenye beseni. Ndoo za maji zilikuwa zimejaa tayari. Alikuwa amezijaza mwenyewe.

"Umeshika?" akauliza.

Chiriku aliitazama kwanza mikono ya kaka yake, kidole kwa kidole.

"Nimeshika," akajibu, wakaanza kusokota.