Sukari Juu ya Sukari

Jamani, sogeeni niwaeleze yaliyotokea kwa jirani yangu, mzee Zwelibanzi, hapa hapa Mdantsane, Afrika Kusini, mwaka ule wa korona pombe ilipopigwa marufuku madukani.

Asubuhi hiyo nyumba ilikuwa shwari. Nwabisa, mkaza mwana wake, au makoti kama tusemavyo huku, alijaza bia ya nanasi kwenye chupa. Kila chupa aliitia kijiko kimoja cha sukari ili ipate povu, akafunga, akazipanga jikoni. Zikae wiki nzima, ndivyo alivyofundishwa kwao.

Mzee na kiu yake angesubiri wapi! Kesho yake tu akaonja. "Maji ya kuoshea nanasi haya! Huyu makoti ana mkono wa birika." Akazifungua zote, akaongeza sukari, akakaza vifuniko mpaka mishipa ikamtoka.

Nwabisa alimwona. Akanijia mbio, miguu mitupu.

"Shangazi, ameweka sukari juu ya sukari! Zitapasuka!"

"Si umwambie?"

"Nitamwambiaje? Hata jina lake silitamki, sembuse kumkosoa! Nimemwambia mama mkwe, kasema makoti anayefundisha wazee hurudishwa kwao."

Ndiyo mila yetu, mkaza mwana hataji jina la baba mkwe. Lakini jamani, mila ilisema mtu afe?

Binti wa watu hakutulia tena. Akikaa anainuka, akila anasimama kusikiliza chupa. Vifuniko vilikuwa vimeanza kuvimba. Jumamosi nilikwenda kuomba chumvi, nikamkuta mzee ameshika chupa, ameiinamia, jicho juu ya kifuniko.

"Tata, baba yangu, iache!" Nwabisa alisema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza. Bia ya wanaume haimhusu makoti."

"ZWELIBANZI!"

Nwabisa huyo, kalitaja jina la mkwewe! Mzee akageuka kwa hasira kumtazama, na papo hapo chupa ikalipuka. Vigae vya chupa vilimchana sikio. Jicho lilipona.

Tulipokuwa tukimfunga kitambaa, Nwabisa alipiga magoti akilia, akingoja kufukuzwa. Mama mkwe alikuja mbio, kinywa wazi tayari kumtukana.

"Mwache," mzee akasema. "Nisingegeuka, ningekuwa kipofu. Niite tena, mwanangu, nisikie kama hili sikio bado lipo."

FUNZO

Pupa ya pombe haina macho. Na heshima inayomziba mtu mdomo asikuonye, hiyo si heshima, ni hatari mliyoifuga wenyewe. Wakwe wenzangu, wasikilizeni wakaza wana wenu kabla hawajalazimika kupiga kelele.