Mifugo ya Misheni

Pasi ilikuwa baridi, hata waya haujachomekwa, lakini kitambaa cha altare kilikuwa kimeungua. Mfua nguo wa kanisa alikigeuza. Alama ilikuwa imetokeza hadi upande wa pili: msalaba ndani ya duara, wa kahawia, unanuka nyama iliyochomwa.

Umbo lile alilijua. Miaka kumi na tisa alikuwa akipangusa chuma kilichotundikwa sakristia, chumba cha mavazi ya padri, na kikaratasi chake: "Chuma cha kutia alama mifugo ya misheni."

Alhamisi, mchana kweupe, alisikia watu wakikohoa chini ya sakafu, wengi, kwa kujizuia, kama waliokatazwa kelele. Aliendelea kukunja nguo. Mwenye watoto hana nafasi ya kukimbia kila sauti.

Ijumaa binti yake alirudi kutoka shule ameshika bega.

"Mama, kuna kitu kinaniunguza."

Alimvua shati. Msalaba ndani ya duara, umevimba, unatoa majimaji.

"Nani kakufanyia hivi?"

Mdomo wa mtoto ulifunguka, ila sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima, kavu, iliyochoka.

"Waambie sikuwa ng'ombe."

Mama alimlaza binti yake kwa jirani, akatoka na kandambili zisizo jozi, akapita sokoni bila kumjibu aliyemsalimia, na kila alipovuta pumzi alipata ile harufu ya nyama, kwenye leso, kwenye nywele, kwenye viganja vyake mwenyewe, mpaka akamkuta padri kanisani akipanga viti.

"Baba, hii misheni ilifuga nini?"

"Mama, ya kale tuyaache. Keshokutwa ni jubilei, tuna wageni."

"Nimeuliza ilifuga nini. Zizi hapa halijawahi kuwepo hata la mbuzi!"

Padri alitazama mlango. "Watu," alinong'ona. "Waliwanunua, wakawabatiza, wakawachoma alama. Ndio waliojenga kanisa hili. Barua za wamisionari wenyewe ninazo kabatini."

"Na kikaratasi?"

"Nilikikuta. Kilipochakaa nikakiandika upya."

"Tena kwa mwandiko mzuri. Jumapili utasoma hizo barua. Mwanangu anaungua."

"Nitamwombea."

"Sikukuomba sala."

Jumapili padri alipanda mimbarini akasema wamisionari walileta upendo mtupu. Kikohozi kikaanza chini ya miguu ya watu. Wageni wakatazamana. Mama alimwacha binti yake benchini, anatetemeka kwa homa, akaingia sakristia, akatoka na kile chuma, akakibwaga juu ya altare.

"Hiki kilichoma watu!" alisema. "Waliojenga kuta hizi. Walibatizwa asubuhi, wakachomwa jioni, na padri wetu anajua. Hawakuwa ng'ombe!"

Kikohozi kikakatika. Benchini, binti alijipapasa bega. Ngozi ilikuwa laini, haina hata kovu.

Jumatatu padri alibisha mlangoni kwa mama, amekumbatia kanzu yake nyeupe. Mgongoni pa kanzu palikuwa na msalaba ndani ya duara, umeunguza kitambaa. Alisimama upande, kama mtu asiyeweza kuegemea kitu, na harufu ilitangulia kuingia ndani.

"Mama, nifulie hii. Tafadhali."

"Barua umezisoma?"

"Bado. Askofu anasema tusubiri."

Mama akamtazama shingoni. Wekundu ulikuwa unapanda, taratibu, kutoka chini ya kola.

"Basi kafue mwenyewe," alisema, akafunga mlango.