Safu ya Pembeni

Kila asubuhi saa nne, Lorna Vavra huketi nyuma ya pikapu yake na kunywa kahawa kwa keki ya plamu aliyooka mzee Wendell Tuma.

Siku hiyo kikombe hakikufika mdomoni.

Simu ilitetemeka.

"Halvorsen ametoka na mfuko wa mbegu," ilisema sauti ya mkuu wake kutoka makao ya upelelezi mjini Lincoln. "Ndege ya kunyunyizia mashamba inamsubiri kiwanjani Ord. Dakika kumi na mbili."

"Saba zinanitosha."

Pikapu yake ya Ford ikanguruma.

Miezi sita Lorna, mpelelezi, alijifanya kibarua katika kituo cha utafiti wa mbegu cha mzee Wendell, akimchunga Craig Halvorsen, mtafiti mgeni anayelipwa na matajiri wa ng'ambo. Walichowinda ni nyasi za mbuga. Mzee Wendell alizichagua miaka ishirini na miwili, mmea kwa mmea, mpaka punje nyepesi kama unyoya ikanenepa kama ya ngano. Mfuko ule ungeruka, matajiri wangesajili mbegu hiyo kuwa mali yao, na mzee angeomba ruhusa kupanda jasho lake mwenyewe.

Changarawe. Vumbi. Maili tisini kwa saa.

Kiwanjani, pangaboi la ndege lilikuwa linazunguka tayari. Lorna akaegesha Ford mbele ya pua ya ndege, akashuka na bastola yake ya Glock. Rubani akazima injini, akanyoosha mikono.

Halvorsen aliteremka taratibu, akijipangusa suruali.

"Bastola kwa ajili ya majani, dada? Umeshakuwa kama yule babu wako Wendell."

Lorna akafungua mfuko. Punje nene, nzuri. Akauliza zilivunwa wapi.

"Ukingoni mwa shamba. Mimi si kipofu. Nilichukua mimea mikubwa kuliko yote."

Lorna akaishusha bastola. Kicheko kikamponyoka.

Safu ya pembeni hupandwa kukinga upepo tu. Upande mmoja haina jirani wa kugombea naye jua na maji, basi hunenepa. Panda mbegu yake kwingine, watoto wake hukonda kama nyasi yoyote. Kituoni huivuna wakalisha ng'ombe.

Akamweleza hayo huku akimfunga pingu. Halvorsen akasawajika.

"Mbona mzee hakuniambia?"

Lorna alikwisha kuvaa miwani ya jua na kushika njia ya kurudi garini. Akasimama.

"Alikuambia siku ya kwanza. Nilikuwepo. Ulikuwa unatafuna keki yake, macho kwenye simu. Wezi nimewaona wengi, bwana, wala siwachukii. Wewe nakudharau kwa sababu umekula mezani kwa mzee yule miezi sita, na hukumsikiliza hata siku moja."